Mshale wa Nani?

Upinde hauna nguvu yake. Uning'inize ukutani mwaka mzima, utabaki kijiti chenye kamba. Nguvu yote inayorusha mshale hutoka begani mwa mtu. Mti huipokea, huishika kwa muda wa pumzi moja, kisha huirudisha kwa kasi ambayo mkono mtupu hauiwezi. Ukiuvuta, mgongo wake hunyooshwa hadi karibu kukatika na tumbo lake hubanwa hadi karibu kusagika. Ni mti mmoja, ulioota mahali pamoja kwa mvua ileile, nao hustahimili mateso mawili yanayopingana na bado hutamani kurudi ulivyokuwa. Hakuna fundi aliyeuingizia tabia hiyo. Fundi huchonga tu, tabia aliikuta.

Isaka alipozeeka na macho yake kufifia, alimwagiza Esau achukue podo na upinde aende nyikani akamtafutie mawindo. Wengi wetu hukisoma kisa hicho kwa ajili ya baraka iliyonyang'anywa. Mimi huvutwa kwanza na mwendo wa siku ile: mzee asiyeona amekaa nyumbani, kitoweo kiko mbali na hakijulikani kilipo, na mwindaji hodari kuliko wote wa nyumba ile anachelewa. Anachelewa hata Rebeka anapata muda wa kupika wana-mbuzi wawili na kumvika Yakobo ngozi. Upinde hauna haraka. Kisa chote kimejengwa juu ya polepole hiyo, na sidhani kama ni ya bahati mbaya.

Huku kwetu Mboko, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, mbele ni Ziwa Tanganyika na nyuma ni milima inayopanda kuelekea Itombwe. Kando ya ziwa sisi ni watu wa ndagala na mikebuka. Mtoto hushika kasia kabla hajajua njia za mlimani. Hata hivyo ukoo wa Mbembe ukiufuata nyuma, hautakawia kukupandisha juu, kwenye nyavu za kuwindia, mbwa, mikuki na mitego. Na kabla ya Wabembe walikuwapo Batwa, wanaoitwa pia Bambote, watu wa msitu. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti katika nchi yetu miaka ya 1950, alipochapisha mwaka 1981 kitabu chake kuhusu sanamu za mababu wa eneo hili, aliwapa nafasi katika jina lenyewe la kitabu wawindaji waliowatangulia Wabembe. Alijua kwamba huwezi kuieleza nchi hii bila kuanzia kwao.

Anayetaka kuuona upinde ukiwa kazini mpaka leo aende kaskazini, kwa Waefe wa msitu wa Ituri, au avuke ziwa aende Tanzania, kwa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi. Zana zao zimefanana kwa jina tu. Upinde wa Mwefe ni mfupi, kwa kuwa msituni hakuna nafasi ya kunyoosha mkono bila kugusa jani, na mnyama hupigwa kwa umbali wa hatua chache. Kamba yake ni ukanda wa kekele, yaani henzirani. Mkono wa kushoto huvaa kinga ya ngozi ya nyani, la sivyo kamba ingechuna kifundo. Mkia wa mshale haufungwi manyoya: hupasuliwa kidogo, kisha huchomekwa jani gumu, basi. Upinde wa Mhadza ni mrefu, kimo cha mtu au zaidi, mara nyingi wa mti wa jamii ya mkole, na upote wake ni mishipa ya wanyama wakubwa, ili pundamilia wa jana amvute twiga wa kesho. Manyoya ya mshale ni ya kanga na ndege wengine. Vigumba hutoka kwenye misumari ya kununua, ikapigwa kwa jiwe bila moto hadi ikawa bapa. Wano likipinda, mwenyewe hulipasha motoni kisha hulinyoosha kwa meno, akifumba jicho moja na kulitazama kwa urefu wake.

Kunyoosha huko kote, na bado mshale hauendi umenyooka. Unapoachiwa, nguvu ya upote husukuma mkia kabla kichwa hakijataka kuondoka, kwa hiyo wano hujipinda, likauzunguka mti wa upinde, likajipinda upande wa pili, na kwa hatua kadhaa za mwanzo linakwenda linayumba kama samaki anavyotikisa mkia majini. Manyoya, au lile jani la Mwefe, ndiyo yanayolituliza. Likiwa gumu kupita kiasi litagonga mti na kwenda kando. Likiwa laini mno litavunjika. Lazima ugumu wa wano ulingane na nguvu ya upinde wake. Mhadza halipimi kwa mashine. Analiminya kwa vidole, anajua. Wahandisi walihitaji kamera za kasi ili waone kile ambacho vidole hivyo vilikwisha kukifahamu, na jambo hili hunifurahisha kila ninapolifikiria.

Lakini mshale mwembamba haumwangushi nyati. Jeraha lake ni dogo, na mnyama mwenye uzito wa watu wanane hatalihisi zaidi ya mwiba mbaya. Kinachomaliza kazi ni mmea mwingine kabisa. Wahadza hutumia maji ya waridi la jangwani, mti mfupi mnene wenye maua ya kuvutia, na pia mmea wa Strophanthus. Wakamba, Wagiriama na Waata wa Kenya hutumia msunguti, ambao magome na vijiti vyake huchemshwa muda mrefu hadi ukabaki uji mweusi mzito. Ukishapakwa kwenye kigumba, huviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi, usiharibiwe na jua, na zaidi usimkwaruze mwenzako anayetembea nyuma yako kwenye njia nyembamba. Ukanda huo wa ngozi mimi huufikiria sana. Ni adabu ya uwindaji iliyofungwa kwenye chuma: kabla hujamfikiria mnyama, mfikirie jirani.

Sasa hebu tuifuate sumu yenyewe ndani ya mwili. Kila chembe hai ya mnyama, na ya mtu pia, ina pampu ndogo katika ngozi yake inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, bila kupumzika, usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama. Jens Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 katika neva za kaa, na mwaka 1997 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Sumu ya msunguti, inayoitwa wabaini, huishika pampu hii na kuizuia. Sodiamu hujaa ndani, na kwa sababu yake kalsiamu nayo hubaki, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu kuliko kawaida. Ikizidi, mapigo hupotea mpangilio, moyo husimama. Ikiwa ni chembe kidogo tu, moyo uliochoka hupata nguvu.

Ndiyo, dawa na sumu ni kitu kimoja. Hili liligunduliwa na Wazungu kwa njia ya kuchekesha. John Kirk, yule ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushiriki katika kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873, alikuwa kijana daktari katika safari ya Livingstone kwenye mto Zambezi. Alikusanya sumu ya mishale ya Strophanthus, akaiweka mahali pamoja na mswaki wake. Aliposugua meno alisikia uchungu mdomoni, kisha mapigo ya moyo wake yakabadilika. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kushukuru. Yeye aliandika. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo kwa miaka, akatoa strofantini, na madaktari wa Ulaya waliitumia kwa wagonjwa wa moyo kwa miongo mingi. Bibi mmoja kitandani huko Ujerumani akipumua kwa nafuu, na nyati mmoja Afrika akianguka: ni mmea uleule, tofauti ni kipimo na mkono uliokishika.

Na kuna ajabu ndogo ndani ya kubwa. Sumu hii hupita kwa shida sana kwenye utumbo. Ndiyo sababu mwindaji hukata nyama iliyozunguka jeraha, akaitupa, na iliyobaki watoto huila bila madhara. Kama ingekuwa kinyume, ikapita tumboni na kushindwa kwenye damu, upinde wenye sumu usingekuwapo duniani. Sijui mtu anawezaje kuliangalia jambo hili na asinyamaze kidogo.

Binadamu hata hivyo asijivune. Yupo panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu na mstari wa nywele za pekee ubavuni, anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye nywele hizo. Nywele zenyewe zina matundu kama sifongo, hunyonya sumu na kuishika. Watafiti, Jonathan Kingdon akiwa mmoja wao, walieleza jambo hili mwaka 2011. Mbwa akimng'ata hudhurika, na wengine wamekufa. Panya mwenyewe hadhuriki. Siri ya mti ule haikufunuliwa kwetu peke yetu.

Turudi kwa mwindaji, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kukaa. Sumu huhitaji muda. Mnyama aliyepigwa hukimbia na msitu au nyika humfunika. Akifukuzwa ataenda mbali; akiachwa atalala karibu. Kwa hiyo mtu mwenye mshale uliopiga hulazimika kufanya jambo gumu kuliko yote kwa mwindaji, nalo ni kuondoka. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi na Wahadza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, anasimulia jinsi Mhadza anavyorudi kambini baada ya kumpiga mnyama mkubwa: anaketi na wanaume wenzake, kimya, na wano lenye damu ndilo linalosema badala yake. Hajigambi. Wenzake wanaona, wanaelewa, na baadaye wanatoka pamoja kufuata nyayo. Majani yaliyopinduka, tone la damu juu ya jiwe, mahali mnyama alipolegea akaegemea mti. Jicho moja huona hili na jingine huona lile. Mtu peke yake anaweza kupiga. Kupata ni kazi ya wengi.

Na akishapatikana, nyati hawezi kubebwa na mtu mmoja wala kuliwa na nyumba moja kabla hajaoza. Upinde wenyewe, kwa unyonge wake, umekwisha kuwaita jirani. Mtu mwenye nguvu asiyehitaji msaada hana sababu ya kugawa. Mwenye mshale mwembamba anahitaji macho ya wenzake, miguu yao, mabega yao, na wao wanamhitaji. Kwa maoni yangu adabu ya wawindaji haikuanza kwa mahubiri. Ilianza kwa udhaifu wa chombo, na ninaamini udhaifu huo uliwekwa makusudi.

Waefe huwinda kwa makundi katika uwindaji wanaouita mota. Wapiga mishale hujipanga kimya, wengine huingia na mbwa kumtoa mboloko, yule swala mdogo wa kilo nne au tano, kwenye kichaka. Mbwa wa msitu wa Kongo habweki sana, na hilo ni ajabu lake. Kwa hiyo hufungwa kengele ya mti shingoni ili wenye mishale wajue yuko wapi. Mboloko anapochomoka, anaweza kupigwa na mshale wa huyu kisha wa yule, na nyama huwa ya aliyetangulia kumpiga, lakini wa pili ana fungu lake, na mwenye mbwa ana lake. Mafungu hayo hayajadiliwi upya kila siku. Yalikwisha kujulikana kabla ya asubuhi.

Waata wa Tsavo, ambao wengine waliwaita Waliangulu, walikuwa na pinde nzito kuliko karibu pinde zote za Afrika, za kuwindia tembo, na kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe. Alama hiyo ilimaliza ugomvi kabla haujaanza. Serikali ya kikoloni ilipoendesha msako mkubwa dhidi yao miaka ya 1956 na 1957, alama hizohizo zilizowekwa kwa ajili ya haki ziligeuka ushahidi mikononi mwa askari. Katika Kalahari, kwa Wajuhoansi, utaratibu ni wa ajabu zaidi: nyama ni ya mwenye mshale, si ya aliyeurusha, na mishale huazimwa, hivyo mzee asiyeweza tena kutembea anaweza kuwa mgawaji wa nyama ya siku. Nao Wahadza wana mchezo wa kamari, lukuchuko, wa kurusha vigae vya gome la mti, ambao wanaume huchezea mishale yao ya sumu. Mchezo huo huhamisha mishale kutoka podo moja hadi nyingine mchana kutwa. Upinde wenyewe hauchezewi kamari, wala mishale ya kawaida isiyo na sumu, yaani chombo cha kumlisha mtu leo hakiwekwi rehani. Mahubiri yetu kuhusu kamari ni mazito, nami siyapingi, ila ningependa wachungaji wetu wauone mpaka huo uliowekwa na watu ambao hawakuwa na sheria iliyoandikwa.

Waovu wapo kila mahali. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alisimulia jambo lililotokea miaka ya 1950 kwa Wambuti wa nyavu huko Epulu, katika msitu wa Ituri: mtu mmoja alitega wavu wake mbele ya nyavu za wenzake ili wanyama wamfikie yeye kwanza. Alipogunduliwa hakupigwa. Alichekwa, akanyimwa hata kiti, mpaka akakiri, kisha nyama ikachukuliwa. Na usiku uleule mtu akampelekea chakula. Hukumu ilikwisha, njaa isiendelee.

Yupo mnyama mmoja ambaye upinde hauna kazi kwake. Kakakuona akitishwa hujiviringisha akawa mpira wa magamba, na mtoto anaweza kumwokota na kwenda naye nyumbani. Hana mbio, hana jino. Hakuna udhaifu wa chombo utakaomlinda, kwa kuwa hakuna chombo kinachohitajika. Walega wa Mwenga na Shabunda, ndugu wa karibu wa Wabembe, waliliona pengo hilo wakaliziba kwa sheria. Kwao kakakuona ni mtukufu: ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani yanayopandana, jinsi magamba yake yanavyopandana. Kumuua ni mwiko. Akipatikana amekufa, nyama yake hugawiwa kwa taratibu ndefu zinazoita koo kwa jina, kila mmoja na sehemu yake; Biebuyck aliandika makala nzima mwaka 1953 juu ya mgao huo tu. Dunia ilichelewa. Nchi zilizokutana Johannesburg ndizo zilizopiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote, mwaka 2016, wakati magamba yake yalikuwa yakisafirishwa kwa magunia.

Bunduki ilipopanda milima yetu ilivunja mpango wote huu kwa mlio mmoja. Tangu uasi wa 1964, kisha ngome ya Laurent-Désiré Kabila huko Hewa Bora, ambayo iliishi kwa dhahabu na meno ya tembo, kisha vita vya 1996 na 1998, silaha zimekuwa nyingi Fizi kuliko pinde. Mwenye bunduki hahitaji kukaribia, hahitaji kungoja wala mtu wa kufuata nyayo naye, na kwa sababu hiyo hana wa kugawana naye. Risasi haina alama ya mwenyewe. Nyama hukaushwa kwa moshi, ikateremka kwa pikipiki hadi sokoni, na anayeinunua huuliza bei. Siwalaumu wenye njaa. Kambi ya wachimba dhahabu porini haina bucha. Ila kati ya katikati ya miaka ya 1990 na 2016, gorila wa mashariki wa nyanda za chini, ambao Itombwe ni moja ya makao yao, walikadiriwa kushuka kutoka karibu 16,900 hadi 3,800, na wawindaji wa nyama kwa ajili ya migodi walitajwa katika sababu za kwanza.

Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006, na ilichukua miaka kumi mingine ya mazungumzo na vijiji kabla mipaka yake haijachorwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilipitisha sheria ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao, watu wa asili. Karatasi hizo mbili bado hazijakaa vizuri mezani pamoja: moja inasema msitu ulindwe, nyingine inasema wenye msitu wasifukuzwe. Mtwa anayesimamishwa njiani akiwa na upinde wake yuko katikati.

Turudi kwa gorila. Huhesabiwaje? Hawasimami wakahesabiwa kwa vichwa. Kila jioni gorila hutengeneza kitanda kipya cha majani na matawi, hukilalia usiku mmoja, hukiacha. Watu hutembea msituni wakitafuta vitanda hivyo, wakipima vimekaa siku ngapi kwa rangi ya jani lililovunjika na hali ya kinyesi, na wanaolijua hilo ni walewale waliokua wakifuata mnyama mwenye mshale. Mwaka 2021 hesabu ilitolewa upya, ikafika karibu 6,800. Gorila hawakuwa wameongezeka. Wasoma nyayo walikuwa wamefika katika misitu ambayo kwa miaka mingi, kwa sababu ya bunduki, haikuweza kukanyagwa.